Zamu ya Ngazi

Karani wa dirisha namba saba alizipanga karatasi za Fundi mara tatu kabla hajasema neno. Aliweka pasipoti juu, akaitoa. Akaweka cheti cha ndoa, akakitoa. Mwishowe alizilaza zote sambamba mezani kwake, akamtazama Fundi kupitia kioo kwa uso wa mtu aliyeagiza chai akaletewa maji ya moto.

"Mama, mko wangapi?"

"Wawili," Fundi alisema, akamvuta binti yake wa miaka sita karibu na dirisha aonekane. "Mimi na huyu."

"Sijamuuliza mtoto. Nakuuliza wewe peke yako. Wewe uko wangapi?"

Watu waliokuwa wakijipepea kwa bahasha zao waliacha kujipepea. Foleni ya kituo cha viza haina kazi nyingine zaidi ya kusikiliza. Fundi alihisi shingo ikipata moto. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mshonaji anayejulikana mtaa mzima kwa mkono wake ulionyooka, na tangu azaliwe hakuwahi kuulizwa idadi yake.

Karani hakuwa mtu mbaya, ila Mungu alimpa sauti ya kutangazia mpira. "Tazama mwenyewe. Cheti chako cha kuzaliwa kina jina moja la ukoo. Cheti cha sekondari kina jingine kabisa. Kitambulisho kimerudi kwenye lile la kwanza. Cheti cha ndoa kimehamia la pili. Cheti cha mtoto, pale penye jina la mama, la kwanza tena. Pasipoti ina yote mawili." Alivuta pumzi. "Kwa makaratasi haya, mumeo ameoa mwanamke mmoja, amezaa na wa pili, na sasa anaomba aletewe wa tatu."

Mama mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Wote ni mimi," Fundi alisema.

"Mimi nakuamini. Kompyuta ndiyo haikuamini."

"Ni makosa ya watu wa ofisini." Hivyo ndivyo alivyoamini tangu akiwa shule. "Kila nikienda wananiandika wanavyojisikia."

"Basi hao watu wa ofisini wana utaratibu mzuri sana. Wanakosea kwa kupokezana."

Akampitishia barua chini ya kioo. Alipewa siku kumi na nne. Ndani ya siku hizo alitakiwa kuleta hati ya kiapo ya mtu anayemjua tangu kuzaliwa, ieleze kwa nini mtu mmoja ana majina mawili ya ukoo. Pamoja na hiyo, alete uthibitisho wa zamani wenye majina yote mawili, usiwe umetengenezwa wiki hii. Siku zikipita faili lingefungwa, na foleni ya kuanza upya ilikuwa mwaka na nusu.

"Mtoto hana shida," karani aliongeza, na safari hii alishusha sauti kwa kumhurumia. "Yeye na baba yake wana jina moja kila mahali. Mkitaka, anaweza kutangulia bila wewe."

Aliyasema kwa nia njema. Fundi alimshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka mtoto akamuuliza kama kuna gari linakuja.

*

Fundi alikuwa akiishi kwa wazazi wake tangu mumewe alipokwenda ng'ambo kupika katika jiko la hospitali, mwaka wa tatu sasa. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa karakana yake, cherehani moja dirishani na meza ya kukatia katikati. Mwezi uliopita aliwaaga wateja. Aliwarudishia vitambaa ambavyo havijakatwa, akapewa baraka, akakumbatiwa, na mwenye duka la pembeni akampa sabuni mbili za safarini. Kumbe kuaga mapema ni kujitafutia aibu.

"Fundi, bado upo?" mwenye duka alimuuliza alipopita na barua yake.

"Bado nipo."

"Mimi nikajua umeshapaa."

Aliulizwa hivyo na watu wanne kabla hajafika kwao. Wa nne alimjibu kwamba wako watatu na bado wanachagua nani aende, akamwacha amesimama mdomo wazi.

Alitandaza karatasi kwenye meza ya kukatia, akaziwekea mkasi juu zisipeperuke. Saa saba mumewe alipiga simu, kama kawaida yake wakati wa mapumziko, masufuria yakigongana nyuma yake. Mtaa ulimwita Mpishi hata kabla hajawa mpishi. Fundi akamsimulia yote.

Mpishi akauliza, "Sasa hapa naongea na mke wangu yupi?"

"Yule ambaye akikufikia atakuchapa."

"Huyo ndiye wa ndoa. Mwambie namsalimia."

Fundi alicheka bila kutaka. Alimjua mumewe. Akiogopa ndipo anapofanya mzaha, na siku aliyoogopa zaidi maishani, siku mtoto alipozaliwa, alimchekesha mkunga mpaka akafukuzwa wodini.

"Nimeshanunua kitanda cha mtoto," Mpishi alisema, na mzaha ulikuwa umemwisha. "Nimekiweka chini ya dirisha. Kila nikirudi kazini nakikuta kimetandikwa na hakuna aliyekilalia. Nimechoka kupikia kila mtu isipokuwa ninyi. Fanya lolote, mama."

"Nitafanya."

Nje ya mlango, kwenye benchi, baba yake Fundi alikuwa akiosha brashi zake kwa mafuta ya taa, na alisikia kila neno. Alikuwa mchoraji wa mabango. Kwa miaka arobaini nusu ya maduka ya mji yalikuwa yakisoma majina yao kwa mkono wake, na mji ukamwita Mzee Brashi. Hakuwa mtu wa kungoja kukaribishwa kwenye mazungumzo. Watu wakizungumza habari za mvua, yeye ndani. Wakizungumza habari za mimba za watu, yeye ndani. Mchana ule aliosha brashi moja kwa nusu saa nzima na hakufungua kinywa.

Aliyeliona hilo ni mama yake Fundi, aliyekuwa anachambua mchele kizingitini.

"Brashi."

Mzee aliendelea kuosha.

"Brashi, njoo umwambie mtoto."

"Nimwambie nini?"

"Unakijua."

Fundi aliinua kichwa. "Baba, kuna nini?"

Mzee Brashi alipangusa mikono, kidole kimoja baada ya kingine, akaingia ndani kwa hatua za mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Fundi na mama yake walimfuata mpaka chumbani. Akafungua mlango wa kushoto wa kabati kubwa, ule ambao nguo za mama zilikuwa zimening'inizwa kwa ndani tangu enzi na enzi. Akaziondoa moja moja, akazitupa kitandani.

Upande wa ndani wa mlango ulikuwa umeandikwa. Herufi zilikuwa na urefu wa kidole, nyeusi zenye kivuli chekundu, kazi safi kama ya kumfanyia mwenye duka la dawa. Majina ya ukoo yenyewe yalikuwepo kwa kirefu, lakini sisi tuyaite kama mtaa ulivyowaita wenyewe. Kila mstari ulikuwa na mwaka wake:

CHETI CHA KUZALIWA: NGAZI
KADI YA KLINIKI: BRASHI
SHULE YA MSINGI: NGAZI
SEKONDARI: BRASHI
KITAMBULISHO: NGAZI
NDOA: BRASHI
CHETI CHA MJUKUU: NGAZI

Fundi alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Ofisi zote alizozilaumu miaka yote hiyo zilipita mbele yake, na katika kila moja alimwona baba yake ameegemea kaunta, anamtajia karani jina la mtoto kwa sauti ya kujiamini.

Fundi alimjua Ngazi, ingawa hawakuwahi kuonana. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, kijana mwembamba ameshikilia ngazi ya mbao, na juu ya ngazi zinaonekana suruali na viatu vya mtu mwingine. Brashi na Ngazi walifanya kazi pamoja miaka kumi na miwili. Mmoja alipanda akachora, mwingine alikoroga rangi na kushikilia ngazi, kwa sababu Ngazi aliogopa kwenda juu kupita kipago cha pili. Ngazi ndiye aliyemwoa mama yake Fundi. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku tatu, mimba ikiwa ya miezi saba. Kitandani pale hospitali alimwomba rafiki yake mtoto asikose baba. Rafiki akajibu kwamba hatakosa, na kwamba jina la Ngazi halitapotea. Mwaka uliofuata Brashi alimwoa mjane, akiwa na ahadi mbili za kutimiza na mtoto mmoja wa kuzitimizia.

"Ningekuandika jina lake tu," Mzee Brashi alisema, akiutazama mlango, "shuleni wangekuuliza mimi ni nani yako. Ningekuandika langu tu, ningekuwa nimemwibia rafiki yangu. Nikaona tupeane zamu."

"Zamu," Fundi alisema.

"Moja yake, moja yangu. Sijapunja hata moja, hesabu mwenyewe."

"Na hukuona njia ya kuandika yote mawili?"

"Nilimwambia!" Mama alidakia kutoka kitandani, amekumbatia nguo zake. "Tangu kliniki nilimwambia. Unajua alinijibu nini? Majina yenyewe marefu, yakikaa mstari mmoja yanabanana, hayapendezi."

"Hayapendezi kweli," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Yanataka nafasi."

Fundi alifungua mdomo agombe, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa kitandani juu ya nguo, mama yake naye akashika mbavu, na mzee akabaki amesimama katikati yao akiwa hajui kama amesamehewa. Hakuwa amesamehewa bado. Hasira ilimfika Fundi baadaye, alipomwona mtoto anacheza na sabuni mbili za safarini.

"Baba, mtoto anaweza kwenda na mimi nikabaki," alisema. "Kwa sababu ya zamu."

Mzee Brashi alirudi kwenye benchi lake, na brashi zilizobaki hazikuoshwa siku ile.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya mafundi wa simu. Wakili alikuwa mtu mnene mchangamfu ambaye kila saa alitafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake. Alisikiliza hadithi nzima, akacheka mahali pa kucheka, akamwambia katibu wake apige chapa. Baada ya robo saa karatasi ilikuwa mbele ya Mzee Brashi, na kalamu juu yake.

Mzee alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kidole kikasimama.

"Hapa umeandika nini?"

Wakili aliinama. "'Naapa kwamba mwombaji si mtoto wangu wa kumzaa, na kwamba mimi si baba yake.' Ni lugha ya kawaida, mzee. Hati zote za namna hii zinaandikwa hivyo."

Mzee Brashi aliiweka kalamu mezani, akaisogeza mbali kidogo. "Sisaini."

"Lakini si ndiyo kweli yenyewe?"

"Ni kweli yako wewe."

Akasimama, akavaa kofia, akatoka. Wakili alimtazama Fundi, Fundi akamtazama katibu, katibu akajifanya anatafuta karatasi. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Fundi alimkuta kwenye ngazi za nje, ameshika chuma cha kuegemea. Alikuwa amekuja na maneno makali, kwa kuwa siku tisa si nyingi. Lakini uso wa baba yake ulikuwa umemshuka, na maneno makali yakamwishia njiani.

"Baba, jambo hili wote tunalijua. Picha ya Baba Ngazi unaifuta vumbi wewe mwenyewe kila Ijumaa."

"Kulijua sikatai. Miaka thelathini na miwili sijawahi kulitamka hilo neno. Umeumwa, nimekubeba. Umeolewa, nimesimama. Leo niape kwamba mimi si baba yako, tena nipigiwe na muhuri?"

Fundi hakuwa amefikiria kwamba karatasi inaweza kumuumiza mtu mzima kiasi hicho. Alikuwa akihesabu siku tu. Aliona aibu, akamshika mzee wake mkono.

"Basi usisaini," alisema. "Tutatafuta njia nyingine."

Njia nyingine haikuwepo, na wote wawili walilijua hilo. Mzee Brashi alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye bango la kinyozi alilolichora mwenyewe zamani. Kinyozi yule alikuja na hotuba nzima ya kuandikwa, na ubao wenye upana wa mkono mmoja, na mzee akaifupisha mpaka ikaenea.

"Hiyo karatasi yao inataka nini hasa?" aliuliza. "Kwa ufupi."

"Inataka kujua kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na sababu yake."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Sasa huyu kajaza ukurasa mzima wa nini?"

Akarudi ndani, akaomba penseli. Mwanzo alipima karatasi kwa macho, kama anavyopima ubao, kisha akaandika kwa herufi zake za kazini:

NGAZI ALIMZAA. MIMI NIMEMLEA. MAJINA YOTE MAWILI NI YAKE.

Wakili alitafuta miwani, katibu akamshushia kutoka kichwani. Alisoma mara mbili.

"Mzee, sheria ina maneno yake."

"Kuna uongo hapo?"

"Uongo haupo."

"Kuna kilichopungua?"

Wakili alifikiri kwa haki kabisa, maana alikuwa mtu wa haki. "Tarehe," alisema.

Tarehe ikaongezwa, pamoja na mistari miwili ya kuapa ambayo mzee aliikagua kabla ya kuikubali. Alisaini, muhuri ukagongwa, na katibu akapenga kamasi kwa kishindo. Halafu alimuuliza Fundi kama kabla ya kuondoka angeweza kumpunguzia sketi kiunoni.

"Bado uthibitisho wa zamani," wakili alikumbusha. "Mbali na pasipoti, ambayo ni mpya, mna karatasi yoyote yenye majina yote mawili?"

"Karatasi hatuna," Fundi alisema. "Tuna mlango."

*

Wakili alishauri mlango upigwe picha. Mzee Brashi akasema picha siku hizi hata mtoto anatengeneza, watadhani ni usanii wa kwenye simu. Asubuhi iliyofuata alichukua bisibisi, akafungua bawaba, akautoa mlango mzima. Mama alisimama mbele ya kabati lake lililobaki wazi, akatangaza kwamba sasa hata jirani atajua ana magauni mangapi.

Waliubeba wawili, mzee mbele na Fundi nyuma, mtoto akiwafuata, maandishi wakayafunika kwa shuka. Mtaa uliwafurahia sana.

"Fundi, wengine wanahama na masanduku, wewe na mlango?"

"Kule hawana," Fundi alijibu. Alikuwa ameshaacha kuona haya, na haya ikishamwacha mtu, mzigo nao unapungua.

Mlinzi wa kituo cha viza aliutazama mlango, akautazama na mlango wake mwenyewe aliokuwa anaulinda.

"Huu unaingia wapi?"

"Dirishani," alisema Mzee Brashi. "Namba saba."

Mlinzi alisoma orodha ya vitu vilivyokatazwa. Chakula, silaha, mizigo mikubwa kuliko begi la mgongoni. Milango haikutajwa. Alipitisha kifaa chake juu ya shuka, kikalia kwenye bawaba, akaigusa bawaba kwa mkono, akaridhika, akawafungulia.

Karani alipomwona Fundi alianza kutabasamu, kisha akaona kinachomfuata.

"Mama, nilisema uthibitisho."

"Ndio huu."

Wakausimamisha mbele ya kioo, wakavuta shuka. Karani alisoma. Akatoa karatasi za Fundi kwenye faili, akazipanga mezani kwa kufuata mlango, moja baada ya moja, mwaka kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza zilikubali kupangika. Foleni ilikuwa imevunjika, watu wote wamekuja kusoma, na hakuna aliyewakataza.

"Wanakosea kwa kupokezana," karani alijisemea, kisha akaenda kumwita msimamizi wake.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwa kamba, mkavu wa maneno. Alitoka hadi upande wa wateja, jambo ambalo karani baadaye alisema halijawahi kutokea. Aliinama mbele ya mlango.

"Nani ameandika?"

"Mimi," alisema Mzee Brashi, akavua kofia.

"Nitajuaje kwamba hukuandika yote jana?"

Swali lile lingemkosesha mtu mwingine usingizi. Mzee Brashi alikuwa amelingojea maisha yake yote, maana hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake kwa makini namna ile.

"Tazama nyeusi ya mstari wa kwanza. Imeshageuka kahawia. Rangi ile ya makopo haiuzwi tena. Hii ya sekondari inang'aa, ni masalio ya kazi ya duka la dawa. Hapa kwenye kitambulisho nilibadilisha brashi, mkia wa herufi umekuwa mnene." Alishuka kwa kidole. "Hapa kwenye ndoa mkono umeanza kutetemeka. Na hapa kwa mjukuu, unaona mwenyewe. Mkono huu siwezi kurudi nao kule juu hata nikitaka."

Msimamizi alifuata kwa kidole chake, mstari kwa mstari, kutoka kwenye herufi zilizonyooka za kijana hadi zile za mzee.

"Na huyu mwenzako yuko wapi?"

"Alifariki kabla huyu hajazaliwa."

"Na bado ulikuwa unampa zamu."

"Alikuwa mwenzangu," mzee alisema, kana kwamba ameulizwa kwa nini maji yana unyevu.

Msimamizi aliisoma mistari michache ya kiapo, akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna zaidi, akaridhika kwamba hakuna. Akasaini. Mlango ukapigwa picha mbele na ubavuni. Fundi alishukuru kwa kuinamisha kichwa, machozi yakimtoka, na mtoto aliyekuwa na mlinzi tangu waingie akaja kumuuliza kwa nini analia wakati ameshinda.

"Limebaki moja," msimamizi alisema. "Kwenye stika ya viza nafasi ya jina la ukoo ni fupi. Majina yenu haya hayaenei yote mawili."

"Nilisema yanabanana," Mzee Brashi alimnong'oneza bintiye.

"Moja litakuwa kwenye stika. La pili litaandikwa kwenye barua nitakayoigongea muhuri, ikae ndani ya pasipoti wakati wote. Lipi liwekwe?"

Karani, ambaye sasa alijiona ni mtu wa familia, alitoa kichwa dirishani. "Wa mwisho hapo ni Ngazi. Kwa mujibu wa mlango, ni zamu ya Brashi."

"Andika Brashi," Fundi alisema haraka. Alilitaka. Alitaka aende ng'ambo na jina la mtu aliyembeba.

Mzee Brashi aliikunja kofia yake mikononi, akaikunjua.

"Mpe Ngazi."

"Baba, ni zamu yako."

"Najua. Nimemwachia." Alikuwa anauangalia mlango, na macho yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha. "Yule mtu aliogopa kupanda. Miaka kumi na miwili amesimama chini ananishikia. Mimi naona mji wote, yeye anaona soli za viatu vyangu. Safari hii apande yeye. Mimi nitabaki chini nishikilie."

Msimamizi alivaa miwani yake, akaandika. Karani alizipanga karatasi mara nyingine, ingawa zilikuwa zimeshapangika.

*

Pasipoti zilirudi baada ya siku kumi na moja. Mpishi alipoambiwa alipiga kelele jikoni kwake mpaka mkubwa wake akaja kuangalia nani kaungua. Mwenye duka la pembeni alitoa sabuni nyingine mbili, akasema zile za kwanza zilikuwa za majaribio.

Asubuhi ya safari gari lilikuwa limeshafika, na Fundi alikuwa na kazi moja ya mwisho. Alikuwa amemalizia gauni la mama yake, pindo la mkono. Aliingia chumbani kulitundika. Mlango wa kabati ulikuwa umerudi kwenye bawaba zake, na chumba kilinuka rangi.

Alifungua. Chini ya mstari wa mjukuu palikuwa na mistari miwili mipya. Herufi zilitetemeka, lakini kivuli chekundu hakikukosekana.

VIZA: NGAZI
KURUDI: BRASHI

Mstari wa kwanza ulikuwa na mwaka. Wa pili ulikuwa na nafasi tupu iliyopimwa vizuri. Fundi aliugusa kwa kidole, kidole kikarudi cheusi.

Baba yake alikuwa mlangoni, sanduku mkononi, mjukuu mabegani.

"Haijakauka," alisema.

"Naona." Fundi alijipangusa machozi kwa mkono usio na rangi. "Umeweka jina, hujaweka mwaka."

"Mwaka utauleta wewe," Mzee Brashi alisema, akatangulia kwenda garini. "Nafasi yake nimeacha."